Zoezi la Madam

Hivi wewe umewahi kumwamrisha mjukuu wako mwenyewe kama vile hukumlea? Mimi nilifanya hivyo kwa ajili ya Kiingereza.

Mjukuu wangu alikuwa anasomea kazi za ndani za ng'ambo. Ukoo mzima ulishasema ana bahati. Yeye hakuna aliyemwuliza. Mwalimu wake, ambaye ndiye wakala wa kumsafirisha, alimfikisha kwenye maneno ya kumfanyisha mtu kazi. Kwetu rahisi, unatia "sha" unaendelea: fulisha, pikisha, lalisha. Wenzetu wana make la kulazimisha, have la kuagiza, let la kuruhusu. Basi wakala akaelekeza: nyumbani awepo wa kuigiza madam, atoe amri, na binti akimaliza kazi aseme kwa Kiingereza nani kamfanyisha.

Nikawa madam. Mwanzoni tulicheka mpaka miwani ikanidondoka.

"Madam gani soksi ina tundu la kidole gumba?"

"Futa dirisha, mke mwenza, acha umbea."

Akafuta kwa gazeti bichi, pembe zote nne, kisha akasema, "She made me clean the window."

Kicheko hakikudumu. Akaanza kubisha hodi jikoni, jikoni kwao. Siku moja nashona kifungo, nikamwona kasimama kando ya jagi la maji, midomo imemkauka.

"Mbona hunywi, mama?"

"Hujaniruhusu, Madam."

Na hatukuwa kwenye zoezi.

Wakala akaja kumtahini. Alivua viatu, akavipanga sawasawa mlangoni, pasipoti ya mjukuu wangu ikichungulia kutoka mfukoni mwa shati lake.

"She let me sleep," binti akasema. "She let me call my grandmother."

"Safi sana."

"Na huyo madam wa huko asipomruhusu kunipigia simu?" nikauliza.

"Hilo halimo kwenye mtihani, Bibi." Akatabasamu. "Gari liko nje. Mpe amri ya mwisho, tuondoke."

"Si ulisema mwezi ujao?"

"Mambo yamesogezwa mbele kidogo."

Mwezi ujao ndio leo, na yeye anaita kusogeza mbele. Mjukuu wangu hakushtuka. Alisimama mikono nyuma, macho kwenye vidole vya miguu, akingoja kuambiwa. Nikaacha kushona, nikachomeka sindano kwenye kitambaa.

"Madam anakuagiza useme unataka nini."

"Hiyo si kazi ya ndani," wakala akasema.

"Madam ni mimi."

Binti alimtazama wakala, akatazama ule mfuko wa shati, akanitazama mimi. Nje honi ikalia, ndefu.

"Maji," akasema mwishowe.

Nikamsogezea jagi. Akanywa hapo hapo, bila bilauri, mengine yakimlowesha kifua. Akalitua mezani.

"Na nataka kubaki, Bibi. Tangu mwanzo nilitaka kubaki."