Budha Mwenye Masharubu

Kimanzi, mchongaji vinyago wa Kaloleni, alikuwa akijitukana kwa kuvunja sikio la twiga siku ile mtawa wa Kibudha alipomjia. Ilikuwa mwaka wa tisini na nne. Mtawa huyo, mzee wa Sri Lanka mwenye vazi la rangi ya chungwa, alitaka achongewe sanamu ya Budha. Alipomsikia akijilaani, alimwambia kwamba kwao kila asubuhi mtu hujitakia mema kwanza, kisha huwatakia wengine.

Kimanzi alishika nusu ya kwanza tu.

Basi akajitakia mema mpaka nyumba ikakoma. Paja la kuku likawa lake, na firigisi juu. Kwenda mferejini kuteka maji akaacha, akidai mwili wake unahitaji upole. Asubuhi alikuwa hatoki mbele ya kioo, na mkewe, Kavinya, akawa anachana nywele kwa kukisia. Kanisani, mwalimu wa kwaya alipomwomba apunguze sauti ya kuimba, alinuna wiki nzima.

Mtawa aliporudi, Kimanzi aliifunua sanamu kwa madaha. Miguu ilikunjwa sawasawa, mikono imetulia mapajani. Lakini uso ulikuwa wa Kimanzi mtupu, pamoja na masharubu yake.

Mtawa alicheka hadi akaketi kwenye vumbi la mbao. Kimanzi alivimba kwanza, kisha akaitazama tena kazi yake na aibu ikamshika. Akanyakua tezo aipasue. Tezo likateleza, likamkata kidole gumba cha kulia.

"Mimi ni mjinga," alisema, machozi yakimlenga. "Hakuna mjinga kama mimi."

Mtawa akaacha kucheka. "Asubuhi ulikuwa mfalme, sasa ni mjinga kuliko wote. Mara zote mbili unajiona wewe tu. Kimanzi, kidole kinatoka damu. Kifunge, kama ambavyo ungefunga cha mkeo."

Kavinya alileta kitambaa. Alipokuwa akimfunga, Kimanzi akaona viganja vya mkewe vimechubuka kwa kubeba ndoo. Alimwomba radhi, akasema kesho ataenda mferejini yeye.

"Ngoja kipone," Kavinya alisema. "Hata wewe ni mtu."

Jioni Kimanzi alimmiminia mkewe chai kwa mkono wa kushoto. Nusu ikamwagika mezani. Hakujitukana wala hakutafuta wa kulaumu. Alichukua kitambaa, akapangusa, akammiminia tena.