Upande Aliopangiwa Naitoi

Mimi sina ugomvi na siasa. Nauza chai na muhogo wa kuchoma stendi ya Mkata, na basi likisimama siasa inashuka pamoja na abiria. Wanabishana huku wanatafuna, mimi napokea changu. Ugomvi wangu ni na Mwalimu Raymond, anayefundisha Uraia pale sekondari, na hata leo nikimwona anapita na shati lake la kupiga pasi damu inanichemka.

Naitoi si mwanangu wa kumzaa. Baba yake, Parsimei, ni Mmasai wa huko mbugani Handeni, ndiye anayeniletea maziwa ya chai. Mwaka fulani ng'ombe wake waliingia shambani kwangu wakanimalizia mahindi, nikamtukana mpaka watu wakatoka majumbani kusikiliza. Alilipa, yakaisha. Halafu siku moja huyo anakuja, ananiambia binti yake amefaulu, kwao ni mbali, anaomba akae kwangu asome. Nikamwuliza, "Kwa matusi yale, unaniletea mimi mtoto?" Akacheka, akasema mtu mkali ndiye anayemfaa binti.

Ndugu zake walimsema sana. Binti amekua, wachumba wapo, wewe unampeleka kukaa kwa Wazigua akashike kalamu! Parsimei akawa anawakwepa, mwaka hadi mwaka, mpaka Naitoi akafika kidato cha tatu. Lakini nilijua amebanwa. Ilibaki sababu moja tu, wamvute mtoto wakamwoze.

Sababu hiyo akaileta Mwalimu Raymond.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Akawapa wanafunzi kazi: mdahalo siku ya wazazi, kwa Kiswahili ili na sisi tusikie. Mada, wafugaji wahamishwe kata hii au wabaki. Akakunja vikaratasi, kila mtoto akaokota upande wake. Naitoi akaokota "wahamishwe".

Aliomba abadilishiwe. Mwalimu akakataa. Asiyesimama anapata sifuri, na alama hizo zinaenda mpaka mtihani wa taifa. Mtoto akarudi nyumbani akanionyesha kikaratasi chake.

Nikafunga kibanda nikaenda shuleni.

"Mwalimu, huyu ni mtoto wa wafugaji. Unamtaka aseme baba yake afukuzwe?"

"Ndiyo maana ya zoezi, mama," akanijibu, ameegemea kiti. "Mtoto akijua kutetea asichokiamini, hakuna mwanasiasa atakayemdanganya. Atakuwa ameshaujua mchezo wote kwa ndani."

Sikatai, lilikuwa neno la maana. Ningemsikia redioni ningetikisa kichwa nikasema huyu kasoma. Lakini nikamwambia, "Basi mwache achague mwenyewe. Kuna mtoto anacheza hapo, na kuna mtoto anachezewa."

Akatabasamu. "Mama Amne, wewe choma muhogo. Elimu niachie mimi."

Mshenzi yule! Nilirudi stendi namtukana njia nzima.

Siku ya wazazi Naitoi akasimama. Na kwa vile ni mtoto wa kufanya kazi yake vizuri, akaifanya vizuri. Akasema mashamba yanaliwa, visima vinachafuliwa, wafugaji wahamishwe kabla damu haijamwagika. Watu wakapiga makofi na vigelegele, wengine nawajua, mahindi yao yameliwa kama yangu. Aliposhuka jukwaani alinifuata akaficha uso kwenye kanga yangu. Baba yake hakuwepo, alikuwa malishoni, nikashukuru. Nilichokuwa sijakiona ni kwamba mgeni rasmi, aliyekuwa anagombea udiwani, kijana wake alikuwa anarekodi kwa simu.

Wiki hiyo hiyo, siku ya gulio, gari la matangazo likapita Mkata na sauti ya Naitoi. "Wafugaji wahamishwe!" Halafu mtangazaji anadakia, "Mmesikia, wananchi? Mtoto wao mwenyewe kasema!" Likazunguka mchana kutwa. Parsimei alikuwepo gulioni, amekuja kuuza mbuzi, na ndugu zake pembeni yake.

Kesho yake asubuhi akanigongea. Hakuwa na maziwa. "Twende shule," akasema.

Tukaenda. Naitoi akaitwa kutoka darasani, akamwinamishia baba yake kichwa aguswe, ndiyo salamu yao kwa mkubwa, akaguswa. Nikapumua kidogo. Mwalimu Raymond akatoka barazani akatusalimia vizuri, akaanza haraka haraka: habari ya kurekodi yeye hakuijua, gari si lake, yeye ni mwalimu, lile lilikuwa zoezi tu, na tena Naitoi ndiye aliyeongoza darasa zima kwa alama.

Parsimei alimwacha amalize. Kisha akasogea mbele, akasimamisha fimbo yake, akaanza kusema.

Alianza mbali. Babu yake alivyofika na ng'ombe katika tambarare ile. Kiangazi kilichoua ng'ombe wote wa baba yake. Lambo la kunyweshea ng'ombe walilochimba pamoja na Wazigua, nani alileta majembe, nani alipika. Akasema kuhusu mahindi yangu, akataja kabisa kwamba alikosa yeye. Alikuwa anasema taratibu, anatua, anaendelea, na mwalimu kashika simu anaichungulia kwa chini. Anachungulia simu, mwenzake anamwaga moyo! Nikajizuia. Nikajizuia tena. Nikashindwa.

"Mzee, hebu ngoja!" nikamkata. "Huyu hakusikii huyu. Niachie mimi."

Parsimei akanyamaza katikati ya neno. Fimbo akaishusha.

"Mwalimu," nikasema, "mama yako yuko wapi?"

"Korogwe. Manundu."

"Ana nyumba?"

"Anayo. Aliijenga kwa vitumbua vyake, nyumba ambayo mimi nimezaliwa humo."

"Haya. Na wewe fanya zoezi. Tetea hapa mbele yetu kwamba mama yako atolewe ndani ya nyumba ile, wapate pa kujenga soko. Simama useme. Tuone kama ni zoezi tu."

Nilikuwa na uhakika wangu. Nilijua atababaika, ulimi utamganda, aone aibu, amwombe radhi mzazi mwenzangu tuondoke na heshima yetu. Ndivyo nilivyopanga kichwani.

Raymond akaweka simu mfukoni. Akakohoa kidogo. "Ndugu wananchi," akaanza, "yupo bibi mmoja Manundu, nampenda sana. Lakini mapenzi hayawezi kuzuia maendeleo." Akaendelea! Akasema bibi huyo amezeeka, nyumba ni kubwa kuliko mahitaji yake, kilio chake ni cha mtu mmoja na soko ni la wengi, na machozi yakikauka atashukuru. Alisema kwa sauti nzuri, mkono unapanda na kushuka. Hakubabaika popote. Alipomaliza alitutazama, anatabasamu, akasema, "Mnaona? Hakuna aliyeumia."

Mimi nilikuwa nimeumia, na mama mwenyewe simjui.

Parsimei akaitia fimbo yake kwapani. "Anayeweza kumtoa mama yake nyumbani huku anacheka," akasema, "mimi simwachii mtoto." Akamgeukia binti. "Chukua vitu vyako."

Nikamshika mkono. Nikamwambia kuna shule nyingine, kuna Korogwe, nitakwenda mwenyewe kumwombea nafasi, nitamsomesha kwa muhogo wangu. Nililia, sioni haya kusema. Akanitoa mkono polepole, akasema mimi ni mtu mwema. Wala hakunigombeza, bora angenigombeza.

Nyumbani Naitoi akakunja sare yake akaiweka kitandani, hakuitia kwenye begi. Nikaanza kumlaani mwalimu, shetani yule, mtu asiye na mama, na mtoto akanisikiliza mpaka nikachoka.

"Mama," akasema, "kwetu mtu akisimama na fimbo anaachwa aseme mpaka amalize. Hata awe mkosaji, hata aseme mpaka jioni. Akimaliza, neno limekwisha, anakaa na wenzake."

"Sasa?"

"Ndugu zake baba walimtaka anichukue palepale gulioni. Akakataa, akasema atakwenda kwanza kusema." Akafunga zipu ya begi. "Baba alikuja kumaliza maneno ili nibaki. Wewe ndiye uliyemkata."