Hatusomeshi Watu wa Musoma

Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, kipimajoto cha chumba cha kugandishia namba tatu kilisoma nyuzi tisa chini ya sifuri. Kilitakiwa kisome kumi na nane. Ndani mlikuwa na tani thelathini na nane za minofu ya sangara, zimepangwa kwenye maboksi hadi karibu na dari.

Minaz aliiona namba hiyo kwenye skrini ya ofisini kwake. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kiwanda hicho cha Ilemela, kando kabisa ya ziwa, aliachiwa na marehemu baba yake. Aliamini namba kuliko maneno ya watu, na namba za mwaka ule hazikuwa nzuri. Saa ambazo mitambo ilisimama kwa hitilafu zilikuwa zimepanda kutoka tisa kwa mwezi hadi sitini na moja. Wakaguzi wa wanunuzi wa Ulaya walitarajiwa tarehe 24 Aprili. Wakiridhika, kibali cha kuuza nje kingehuishwa. Wasiporidhika, kiwanda kingefungwa na watu mia moja ishirini na mmoja wangerudi nyumbani. Baba yake alikiendesha miaka thelathini bila kufunga hata wiki moja.

Alexander Maige, fundi wa chumba cha mashine, alipiga hodi akiwa bado na glavu mkononi.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Namba tatu ina nini?"

Alieleza polepole, kama mtu anayechunga asiseme zaidi ya anachokijua. Pampu ya amonia ilikuwa inavuja, harufu ya gesi imeanza kuwasha macho, na mgandamizo kwenye tangi unapanda. Alijua kwamba kuna vali ya kufunga. Hakuwa na hakika ni ipi.

Hilo la kutokuwa na hakika lilikuwa na historia, na Minaz aliijua yote kwa sababu sehemu kubwa aliiandika mwenyewe.

Kwa miaka thelathini na mmoja mitambo hiyo ilikuwa chini ya Mzee Kashindye, Msukuma wa Magu aliyeanza kazi kama mlinzi wa geti. Hakwenda chuo chochote. Vitabu vya mtambo vilikuja kwa Kijerumani, akavifungia kabatini, akaipa kila vali jina kama mfugaji anavyowaita ng'ombe wake kwa rangi. Magurudumu ya kufungulia aliyapaka rangi kwa mkono wake: Fahali mweusi ndiye aliyezuia amonia yote ya tangi kuu, Mtamba wa madoadoa alitoa mafuta machafu chini ya tangi, na wengine kumi na wanne, kila mmoja na ngozi yake. Waliofanya kazi naye walijifunza hivyo hivyo, kwa kuchunga. Hakuna aliyeandika kitu. Agosti iliyopita Kashindye alifariki, na Alexander, aliyekuwa fundi umeme wa taa na feni, akakabidhiwa zizi.

Alexander aliomba mara tatu kwa barua apelekwe Dar es Salaam, kozi ya miezi sita ya mitambo ya ubaridi. Minaz alimkatalia mara tatu. Kiwanda kilishawahi kumsomesha mtu, kijana mmoja aitwaye Mayala, mwaka 2019. Alirudi na cheti, akakaa miezi minne, akahamia kiwanda cha Musoma. Kwenye barua ya tatu ya Alexander, Minaz aliandika kwa wino wa bluu: "Hatusomeshi watu wa Musoma." Karani aliisoma, na kabla ya chakula cha mchana kiwanda kizima kilikuwa nayo. Tangu hapo mkata minofu akiomba kisu kipya, wenzake walimuuliza, "Kwani wewe ni mtu wa Musoma?" Akichelewa kurudi kutoka msalani, walisema ameshapanda basi.

Kwenye bajeti ya mwaka palikuwa na fungu moja la uboreshaji. Minaz alilitumia kupaka rangi. Aliona kwamba mkaguzi akiingia ataona ukuta na bomba, hataona kilichomo kichwani mwa fundi. Februari mafundi rangi walifungua magurudumu yote ya vali, wakayasugua, wakayapulizia rangi ya fedha na kuyarudisha. Chumba cha mashine kiling'aa. Alexander alikuja kusema kwamba sasa vali zote zinafanana, akaambiwa abandike vibao. Alibandika kumi na nne alizokuwa na hakika nazo. Nyuma ya tangi kuu palikuwa na mbili zenye ukubwa mmoja, zimekaa bega kwa bega, na hizo aliziacha bila kibao.

Saa mbili na dakika hamsini na tano Minaz alimpigia Mayala. Namba yake alikuwa nayo bado. Aliweka simu juu ya meza, sauti ikasikika chumba kizima.

"Madam Minaz," Mayala alisema. "Leo mmenikumbuka."

Alexander aliinama juu ya simu, akaeleza upya. Mayala hakutania tena. Alitaka kujua mgandamizo ni kiasi gani, akaambiwa. Akauliza kama watu wameshatolewa, akaambiwa bado.

"Watoe kwanza. Halafu funga Fahali, nyuma ya tangi, ile nyeusi."

"Hakuna nyeusi," Alexander alisema. "Zote ni rangi ya fedha."

"Nani alizipaka?"

Alexander aligeuza macho kwa Minaz. Mayala akasema, "Sikia, mdogo wangu. Zipo mbili pale. Ukigusa ile nyingine unafungua chini ya tangi moja kwa moja. Mimi nakumbuka Fahali yuko kushoto, lakini nakumbuka nikiwa nimesimama upande wa dirisha. Sijui walirudisha nini wapi. Usiguse. Toka nje, ita zimamoto, mimi naingia barabarani."

"Mpaka ufike ni mwendo wa saa nne," Minaz alisema. "Namba tatu yote itayeyuka."

"Iyeyuke."

Minaz alimtazama Alexander. Hakumwamuru. Baadaye, mbele ya afisa wa usalama mahali pa kazi, alisema hivyo na ilikuwa kweli. Alichosema ni maneno manne tu: "Wewe ndiye fundi, unaonaje?"

Alexander alivua glavu, akazivaa tena. "Nitaangalia, Madam," alisema. "Nikiona siyo, natoka."

Saa tatu na dakika tano alivaa barakoa ya gesi iliyokuwa ukutani. Chujio lake lilikuwa limepita muda tangu 2020. Tarehe ilikuwa imechapwa pembeni, na hakuna aliyewahi kufundishwa kuisoma. Kengele ya kuwatoa watu ililia wakati huo huo. Kibao cha mahali pa kukusanyika kilikuwa getini, upande wa barabara. Getruda, msimamizi wa meza za minofu, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, alitoka nje, akainua uso, akahisi upepo unatoka ziwani. Kashindye aliwahi kumwambia kwamba gesi inasafiri na upepo, kwa hiyo mtu aufuate upepo ulikotoka. Aliwageuza watu mia moja na tatu kuelekea gatini, upande wa ziwa, huku akiwasukuma kwa viganja kama kuku. Tisa walifuata kibao.

Saa tatu na dakika kumi na moja Alexander alizungusha gurudumu la kushoto.

Kutoka dirishani Minaz aliona ukungu mweupe unatoka chini ya mlango wa chumba cha mashine, mzito, ukitambaa sakafuni kabla ya kuinuka. Ulifika getini kwa muda mfupi kuliko mtu anavyoweza kukimbia. Zimamoto walimtoa Alexander saa tatu na dakika arobaini na mbili. Wale tisa walilazwa. Wawili kati yao hawakuona kwa siku nne. Alexander alifariki hospitalini saa saba na dakika ishirini mchana. Aliacha mke, Tereza, na mtoto wa mwaka mmoja.

Mayala alifika saa saba kasoro robo na vifaa vyake mwenyewe na kijana mmoja wa kwao Musoma. Waliingia wakiwa wamevaa mitungi ya hewa. Vali ilifungwa kwa dakika nne. Alipotoka alikaa kwenye ukingo wa saruji, akanywa maji, na Minaz akasimama mbele yake kwa sababu hakujua akae wapi. Simu ya hospitali ilikuwa bado haijapigwa.

Alimuuliza jambo alilokuwa nalo miaka mitatu: Musoma walimpa nini?

"Mshahara ule ule," Mayala alisema. "Nilirudi hapa na cheti, ukakifungia kwenye sefu yako nisiondoke nacho. Ukanirudisha kupakia barafu. Nikamwomba Mzee tuchore mabomba yote kwenye karatasi, ukasema nisimsumbue, mitambo inaenda. Ulinisomesha, Madam, halafu hukutaka nijue kitu."

Minaz alisema angemlipa mara mbili akirudi. Mayala alitikisa kichwa, akasema ana vijana sita anaowafundisha kule, hawezi kuwaacha katikati.

"Wakishajua wanaondoka?"

"Wawili wameondoka. Wanne wapo."

Tarehe 27 Machi, siku ya Jumatatu, baada ya mazishi na baada ya minofu ya namba tatu kuzikwa shimoni mbele ya afisa wa afya, Minaz alibandika tangazo kwenye ubao wa kantini. Kiwanda kingewasomesha watu wanne mitambo ya ubaridi, gharama zote juu yake; anayetaka aandike jina lake hapo chini kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Wakati huo huo angeazima fundi mwenye cheti ili wakaguzi wamkute mtu. Mwenye fundi wa kuazima, mkurugenzi wa kiwanda kimoja cha Kirumba, alikuwa na sharti: hamtoi fundi wake mpaka aone majina ya watakaopokea kazi kwake, maana hataki aazimwe milele. Wote waliona sharti hilo ni la haki. Chini ya tangazo palikuwa na masharti matatu. La tatu lilisema kwamba mhitimu atafanya kazi miaka mitano, na cheti chake kitatunzwa ofisini.

Getruda alikuja ofisini Jumatano. Alikuwa wa rika la kumwita Minaz mwanangu, na siku hiyo alimwita hivyo. Alisema watu wanasoma tangazo, wanafika sharti la tatu, wanaondoka.

"Lifute hilo, mwanangu."

Minaz alimweleza kwa utulivu kwamba anawapa watu elimu ya bure, na kwamba hakuna mfanyabiashara anayetoa kitu bila dhamana. Aliongeza kwamba cheti kikiwa sefuni hakidhuriki.

"Marehemu Maige naye alitaka kwenda kusoma," Getruda alisema. "Sasa hivi wanaona mambo mawili. Wakisoma, watafungwa. Wasiposoma, watawekwa kwenye kile chumba. Wanaona bora wakate minofu."

Minaz alisema atafikiri. Alifikiri siku mbili. Ijumaa asubuhi alishuka kantini na rula na kalamu, akalipiga sharti la tatu mstari, akaandika ufupisho wa jina lake pembeni. Watu walikuwa wanakunywa chai. Walimwona. Hakuna aliyesema neno la Musoma. Hata wale watani walitazama vikombe. Saa kumi jioni, muda wa mwisho, alibandua karatasi. Haikuwa na jina hata moja. Mkurugenzi wa Kirumba alipopigiwa simu alimpa pole ya msiba, akasema fundi wake atabaki kwake.

Wakaguzi wawili walifika Jumatatu, tarehe 24 Aprili, saa tatu asubuhi. Walisifu usafi wa kuta. Kwenye chumba cha mashine waliomba kuonana na fundi anayehusika pamoja na cheti chake. Minaz alijibu kwamba hana. Mmoja aliandika mstari mmoja, akafunga faili, akauliza uwanja wa ndege uko umbali gani.

Saa tano na dakika kumi Minaz aliwakusanya wafanyakazi uwanjani, akawaambia kwamba kibali hakitahuishwa na kazi inaisha siku hiyo. Alisema mwenyewe, hakumtuma karani. Mtu mmoja aliuliza kama ndoo za plastiki ni za kampuni, akajibiwa kwamba wanaweza kuzichukua. Getruda aliingia ndani, akaosha kisu chake, akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza ya minofu. Kisha akatoka kwa geti la barabarani.