Faini ya Mti wa Edung

Wazo la faini lilikuwa la Nakaale mwenyewe, na siku alipolitoa watu wa Kipsing walicheka mpaka wakashika mbavu.

Kirimi, kijana wa Meru aliyeletwa na mradi wa vipepeo, alikuwa akiwaeleza taratibu. Vipepeo weupe wanaopita kwao kila mwaka hutaga mayai kwenye mti wa edung. Edung ikikatwa, vipepeo hawapiti. Wasipopita, wageni hawaji kuwatazama. Wageni wasipokuja, akina mama watamuuzia nani shanga, na unga wa mradi utatoka wapi? Basi atakayekata tawi ataandikiwa onyo.

"Karatasi?" Nakaale akamkatiza. "Mbuzi atakula hiyo, kijana. Mturkana mchinjie mnyama wake, mkule wote, na yeye akule na nyinyi akiwaangalia. Hapo atasikia."

Alikuwa akimlenga Ekeno, ndugu wa marehemu mumewe, mwenye mbuzi kama mchanga. Kiangazi kikija wafugaji huangusha matawi ili mbuzi wale majani, na panga la Ekeno halikuwa na mwenzake. Nakaale alishaanza kuona mafuta yakimchuruzika mkononi. Ekeno naye akapiga makofi kuliko wote, wakamfanya mwenyekiti wa kamati ya faini.

Mvua ikakataa. Ekeno hakukata hata kijiti: aliwatuma wanawe na mbuzi wote mbali kupita Oldonyiro, yeye akabaki na kigoda chake. Waliobaki na mnyama nyumbani ni wale wasio na kundi la kuhamisha. Nakaale alikuwa na mbuzi mmoja wa maziwa, na maziwa hayo yalikuwa ya Apua, mjukuu wake, ambaye mama yake alifariki akimzaa. Mtoto hakuwa na jino hata moja.

Maziwa yalipoanza kukauka, Nakaale alikwenda kwenye edung wakati wa jua kali, akavunja tawi moja kwa mkono. Lilikuwa na viwavi wachache wa vipepeo waliotangulia. Akawaokota akawahamishia tawi lingine, maana hakuwa na ugomvi nao. Kugeuka, akamwona jirani yake Emanikor na mtungi wa maji. Emanikor akamsalimu vizuri, akauliza hali ya mtoto, akaenda zake kwenye nyumba iliyojaa watoto wasiokula tangu jana.

Kabla jua halijatua kamati ilikuwa uani, na wasio wa kamati pia, wengine na sufuria. Hakuna aliyekuwa na hasira. Walichangamka kama watu wa harusi.

"Shemeji," Ekeno akasema, akikalia kigoda, "ile maneno yako ya kula ukituangalia, uliiongea mzuri sana."

Nakaale akaomba. Aliahidi mbuzi mwingine mvua ikinyesha. Akauliza mtoto atakunywa nini. Wakakubali kwamba ni ngumu. Mmoja akasema labda Apua ajaribu supu, wakacheka kidogo, kwa upole. Emanikor ndiye aliyeshika pembe. Mbuzi alipolazwa, chuchu ikadondosha maziwa mchangani.

Kirimi akafika kwa pikipiki nyama ikiwa motoni. Alikuwa na habari njema: vipepeo wameonekana wakivuka barabara kuu, wageni watafika wiki ijayo, na unga nao. Aliposikia mbuzi ni wa nani, alisema pole, mama. Akapewa ubavu, akaukataa, halafu akaupokea.

Ekeno alimkatia Nakaale mguu wa nyuma, sehemu nzuri kuliko zote.

"Kula, shemeji. Usipokula, watu watasema uko na kinyongo."

Nakaale akala. Alikuwa na njaa, na nyama ilikuwa tamu. Mgongoni mwake Apua akaanza kulia. Akamzungusha mbele, akatafuna kipande mpaka kikawa kama uji, akamtia mdomoni kwa kidole. Mtoto akakitema. Akatafuna kingine.