Mate ya Mama Bwawani

Mama yangu hajawahi kunyamaza dakika ishirini akiwa macho. Kwa hiyo siku nilipompeleka bwawani, na njia nzima akakaa kiti cha mbele kafumba mdomo, mkoba mapajani, nilijidanganya kwamba ni huzuni. Baba alikuwa ametimiza miezi mitano kaburini. Nikasema moyoni, mwache, mjane ana haki ya kunyamaza. Ujinga huo nusura unigharimu kazi.

Bwawa lenyewe ndilo linalonywesha mji mzima. Vilima vinavyolizunguka vimewekewa uzio, msitu haukatwi, ng'ombe haingii. Ni kipande kimoja tu cha ukingo ambacho wananchi wameachiwa waje kupumzika mwisho wa wiki. Wakae kwenye mabenchi, wale walichobeba, wapige picha, wayatazame maji mpaka wachoke. Kuyagusa, hapana. Getini kuna ubao wenye makatazo kumi na moja kwa rangi nyekundu, na la saba linasema usiteme mate. Bata wanakunya humo tangu bwawa lijengwe, na sijasikia bata aliyeandikiwa barua ya onyo, lakini sheria ni ya wenye viatu.

Baba aliyalinda maji hayo miaka thelathini na moja. Watu walimwita Mzee Koki. Alifungua milango ya maji, akaifunga, akazunguka ukingoni na filimbi shingoni akiwafukuza waogaji. Nyumbani alianza asubuhi kwa kuchota glasi bombani, kuyazungusha maji mdomoni kama mtu anayeonja mchuzi wa mkwe, kisha kututangazia hali ya bwawa. "Leo limechafuka kidogo," angesema, akavaa buti na kutoweka. Mimi nilizaliwa yeye akiwa kwenye mafuriko. Harusi ya dada yangu alikuja na buti hizo hizo, akaondoka kabla keki haijakatwa kwa sababu aliona wingu.

Mama alikuwa na jina lake kwa bwawa. Aliliita mke mwenzangu. "Baba yenu yuko kwa mke mwenzangu," angetuambia tukimuulizia. Usiku Baba alikuwa akipiga kelele ndotoni: "Wee! Rudi nyuma ya mawe! Watu wanakunywa hayo!" Mama alimpiga kiwiko, akageukia ukutani. Ukuta wenyewe ulikuwa umebanduka rangi tangu nikiwa darasa la tatu. Kila mwaka Mama aliomba chumba kipakwe chokaa, na kila mwaka Baba akajibu kwamba chokaa imeisha.

"Siku nitakayofika kwa yule mwanamke," Mama alikuwa akisema, "nitamtemea mate usoni." Tulicheka. Tulicheka miaka yote hiyo, maana Baba hakumpeleka hata mara moja.

Kisha Baba akastaafu, na hakumaliza mwaka. Siku ya mwisho, kitandani, aliomba maji. Mama akamnyanyua kichwa, akamnywesha. Baba akayazungusha mdomoni, akakunja uso, akasema, "Dawa ya maji imezidi." Akafumba macho. Hayo ndiyo maneno aliyomwachia mwanamke aliyemzalia watoto wanne na kumfulia buti miaka thelathini na moja. Hakuna aliyecheka tena.

Mimi nilikuwa nimeajiriwa pale pale, kuchukua maji kwenye vichupa na kuyapeleka maabara yakapimwe. Zilibaki wiki mbili nimalize kipindi cha majaribio. Na ilikuwepo kanuni moja mbaya: mgeni wa mfanyakazi akivunja katazo, anayefukuzwa ni mfanyakazi. Kanuni hiyo aliipigania Baba mwenyewe, baada ya shemeji wa mkurugenzi kuja kuogesha mbwa. Kwa hiyo Mama aliponiomba kwa sauti ya upole, "Nipeleke nikamwone tu, mwanangu," ningetakiwa kushtuka. Mama hana sauti ya upole. Aliiazima mahali.

Getini tulipokewa na mlinzi tunayemwita Filimbi, mtu aliyefundishwa kazi na Baba, na anayemnukuu kama andiko. Aliponiona na Mama alivua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Mm," alisema Mama.

Filimbi akanitazama. Mama yangu huitikia shikamoo hata ya kwenye redio.

"Mama anaumwa?" akauliza.

"Jino," nikasema, na hapo hapo nikaelewa. Mashavu yake yalikuwa yamevimba kidogo, yote mawili. Tangu alfajiri alikuwa akitafuna tangawizi, nami nilidhani ni kwa ajili ya kikohozi.

"Pole sana. Zungukeni taratibu," alisema Filimbi. "Halafu mama, samahani, najua wewe ni mke wa Mzee, lakini sheria ni sheria. Hata yeye angeniambia hivyo."

Mama akamtazama Filimbi kwa jicho ambalo lingeua nyasi. Kwa bahati basi dogo la wageni likapiga honi nyuma yetu, naye akaenda kuhesabu vichwa.

Njiani kuelekea majini nilimng'ang'ania mkono. "Mama, meza. Nakuomba, meza hayo mate. Nyumbani nitakuletea bakuli, nitakujazia maji ya bomba, ni haya haya, utayatemea mpaka ushibe. Zimebaki wiki mbili, Mama! Wajukuu zako watakula nini?"

Alinipigapiga begani, taratibu, kama mtu anayempa pole mfiwa. Akaendelea kutembea.

Kusema kweli bwawa ni zuri, na hilo lilinitia hofu zaidi. Asubuhi ile lilikuwa limetulia, vilima vimeinama ndani yake, na ukingoni kulikuwa na mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, meupe kabisa, jiwe baada ya jiwe, mpaka kona ya mbali. Mama akasimama. Hakuwa anatazama maji. Alikuwa anatazama mawe.

"Nani anayapaka?" lilikuwa swali la macho yake, nami kwa mazoea ya bashasha ya kikazi nikalijibu. "Siku hizi ni Filimbi, lakini zamani alikuwa akiyapaka Baba. Kila mwaka, mara mbili, yote mia nne. Hakutaka mtu mwingine ayaguse."

Nilitamani kujing'ata ulimi. Mama alifura kuanzia shingoni. Akakunja gauni kwa mkono mmoja, akavuka mstari wa mawe, akainama juu ya maji na kuvuta pumzi puani. Nikaiona barua yangu ya kufukuzwa kazi ikipigwa muhuri.

Hapo ndipo bwana mmoja mwenye kitambi alipotokea upande wetu wa kulia, amekumbatia tikiti maji. Alipita juu ya mawe bila hata kuyatazama, akalipindua moja kwa kiatu, akalitumbukiza tikiti majini lipoe. Kisha akaangalia huku na huku. Choo cha wageni kiko hatua mia tatu kupanda mlima, na yeye hakuwa na sura ya mpanda mlima. Akatugeuzia mgongo, akapanua miguu, akaanza kufungua zipu.

Mama alikuwa bado ameinama, mashavu yamejaa. Nilimwona akimtazama yule bwana, akayatazama maji, akamtazama tena yule bwana. Koo lake likapanda na kushuka. Alikuwa amemeza.

"Wee! Rudi nyuma ya mawe! Watu wanakunywa hayo!"

Ilikuwa sauti ya Mama, lakini maneno, na ile "wee" ya kuvutwa, vilikuwa vya Baba usiku wa manane. Bata wakaruka wote. Bwana wa tikiti akaruka nao, akafunga zipu kwa pupa ikanasa shati, akageuka akiwa amejishika pale iliponasa.

"Mama, kwani wewe ni askari hapa?" alisema kwa hasira. "Maji yote haya, mkojo wangu ndio utayaharibu?"

"Unakoga asubuhi?" akauliza Mama.

"Nakoga, ndiyo."

"Unapiga mswaki? Mkeo anapikia nini? Chai yako unaitia nini, soda?" Alikuwa amemfikia, kidole kiko chini ya kidevu chake. "Mtu ameacha kulala na mkewe, ameacha kula na watoto wake, amekufa, ili wewe upige mswaki. Halafu unakuja na zipu!"

"Lakini wewe ni nani?"

"Mimi ni mke mkubwa," alisema Mama. "Na huyu hapa ni mke mdogo. Niliolewa miezi miwili kabla yake. Akitukanwa, natukanwa mimi. Toa tikiti lako."

Yule bwana hakuelewa hata neno moja, lakini alitoa tikiti. Filimbi alifika akihema, filimbi bado mdomoni, akakuta mambo yamekwisha. Akampigia Mama saluti kabisa, ya kijeshi, visigino vikagongana. Mama akamwitikia ile shikamoo ya getini: "Marahaba, baba. Nilikuwa na kitu mdomoni."

Mtu mwenye akili angeondoka hapo hapo. Mama alirudi kwenye mstari, akapiga magoti, akaligeuza lile jiwe lililopinduliwa upande wake mweupe ukae juu, akalisukuma mpaka likalingana na wenzake. Alipoinuka viganja vyake vilikuwa vyeupe. Akavitazama, akavisugua taratibu, na sauti ilipotoka haikuwa na ukali tena.

"Chokaa nzuri hii," alisema. "Mimi aliniambia imeisha."