Sehemu ya Bibi Harusi

Mama Kalenga, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anasema mi nilimtoa mama yangu hapa Kolwezi kwa wimbo. Anasema niliimba mstari mmoja, nikanyamaza kwa makusudi, na mama akainuka katikati ya ukumbi, akatupa kitenge chini, akaitikia kwa lugha ya jimbo la kwao, Kasai, mpaka mabati yakalia. "Nilimuona na haya macho yangu!" anasema, na kila mwaka mabati yanalia zaidi.

Hakuwapo. Siku ile alikuwa amelala na malaria, na mimi ndiye niliyempelekea uji. Lakini hadithi yake ina miguu kuliko yangu. Imefika mpaka mji wa Kasaji, na ndiyo iliyomleta leo huyu kijana Jeancy kwenye mlango wangu, suruali imejaa vumbi la njia, baiskeli ameiegemeza kwenye ukuta.

"Dada Ernestine," alisema hata kabla ya kukaa, "kule kwetu tuko na kikundi cha kucheza na kuimba. Tunataka ule muchezo wa Tata Kabeya. Tutautengeneza kisasa kidogo. Sehemu ya mama mkwe batu wanaijua. Tunakosa tu ile ya bibi harusi."

Nikamwambia akae. Nikaingia ndani kumchotea maji.

Shule nilifika darasa la sita tu, lakini mchezo wa kuimba naujua kwa ngozi yangu. Kuna vikundi ambavyo watu wake wanaongea, wanaongea, halafu mmoja anaruka kuimba kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha sufuria motoni. Huo siupendi. Mi naamini wimbo uanze pale mtu anaposhindwa kusema. Kama bado anaweza kusema, aseme, tusichoshane. Na wale wanaochukua mchezo wa watu wengine na kuugeuza, siwakatazi. Tata Kabeya mwenyewe aligeuza. Aliuchukua wimbo ambao wanawake wa kwao Kasai waliimba wakimpokea bibi harusi uani, naye akiwaitikia, akauvalisha Kiswahili, akaujengea mto, mashua, mama mkwe mkali. Ila aliyegeuza anapaswa kujua ni mfupa gani asiuguse.

Tata Kabeya alikuwa mchomea vyuma wa kampani ya mgodi, na jioni alikuwa mwalimu wetu. Alizaliwa hapa hapa Kolwezi. Aliyeletwa na kampani kutoka Kasai alikuwa baba yake. Mchezo wake ulikuwa mwepesi kueleza: msichana anavuka Lualaba kwenda kuolewa, mama mkwe anamkuta mlangoni na kikombe cha maji mkononi, na watu wote wanangoja kuona kama atampa. Mimi nilikuwa mama mkwe. Mbombo, binti yake Tata Kabeya, rafiki yangu tangu tulipong'oka meno, alikuwa bibi harusi.

Namna yake ya kufundisha haikuwa ya mtu mwingine. Alitufundisha kila mmoja peke yake. Mimi nyuma ya nyumba yao, Mbombo kanisani. Hatukuruhusiwa kusikilizana mpaka siku ya watu.

"Usijifunze sehemu ya mwenzako," alisema. "Ukiijua, hautamusikiliza tena. Utangojea tu amalize. Imba yako, halafu nyamaza kabisa. Acha mulango wazi."

Basi nilijifunza kunyamaza kama wengine wanavyojifunza kucheza. Mbombo alinitania njiani kwenda kuchota maji: "Mama mkwe, unatamani kusikia yangu? Hautaipata bure, utalipa mahari!" Nyumbani, nikiosha vyombo, niliimba mstari wangu: *Umetoka ng'ambo, miguu ina matope, nani alikufungulia njia?* Halafu kimya. Halafu: *Kunywa, mtoto, maji ni ya nyumba.* Na niliona jambo ambalo sikulielewa. Kila nilipofika kwenye kimya, mama yangu aliacha kusonga bukari. Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Nilipoanza tena, na mwiko ulianza.

Mama yangu jina lake Ntumba. Alikuja hapa bibi harusi, kutoka Kasai, na baba yangu alikuwa mtu wa Manono, mwenyeji wa jimbo hili letu. Baba alipokufa, jina lake lilibaki juu ya mlango wetu kama kufuli. Mama hakuongea lugha ya kwao hata siku moja mbele yetu, wala sokoni, wala akipiga kidole kwenye jiwe.

Kisha ukaja mwaka wa kufukuzana. Kazi za mgodi zilikuwa zimelegea, mishahara haiji, na redioni wakapatikana wa kulaumiwa. *Bilulu*, wadudu, ndivyo walivyoanza kuwaita watu wa Kasai, hata wale waliozaliwa mtaa mmoja na wewe. Vijana walipita na fimbo wakionyesha nyumba. Jioni moja nilikwenda kwa Tata Kabeya kwa mazoezi, nikamkuta mtu nisiyemjua anapima madirisha. Yeye na jamaa yake walikuwa wamekwisha kufika gare, kituo cha treni, pamoja na maelfu ya wenzao, chini ya maturubai na magodoro, wakingoja mabehewa ambayo hakuna aliyejua yangekuja lini.

Kikundi kilichukuliwa na Kalumba. Hakuwa mtu mbaya wa kutisha watoto. Alikuwa mpiga ngoma wetu, mcheshi, mwenye meno mazuri. Lakini alikaa sasa na wakubwa wa wale vijana wa fimbo, na alitaka mchezo uchezwe Jumapili mchana kwenye serkle, ule ukumbi ambao wafanyakazi wa kampani walinywea bia.

"Hatubadilishe sana," alisema. "Neno mbili tu. Badala ya *kunywa, mtoto*, unasema *rudi, mdudu*. Unamwaga maji chini. Bibi harusi anabeba valizi yake ya safari, anaenda. Batu watacheka sana."

Sauti ya wimbo ilikuwa ile ile. Hilo ndilo lililonitia baridi. Tata Kabeya alikuwa ameipandisha sauti ile taratibu ili ishuke kwa upole pale kwenye maji, na sasa matusi yangeshuka kwa upole ule ule.

Nikasema sijui kama nitaweza.

Kalumba akacheka, akaniwekea mkono begani. "Ernestine. Mama yako iko muzuri? Kwenye komite ya vijana banamuulizia-muulizia. Mi nasema: muache, yule ni muke wa mutu wa Manono. Siku ile akae mbele. Batu wamuone anapiga mikono."

Tangu hapo nililala na masikio wazi.

Kulikuwa na shida moja: hakuna aliyejua sehemu ya Mbombo. Kalumba akanituma gare kuichukua. Nilimkuta rafiki yangu amekaa juu ya cherehani yao, midomo imepasuka, mdogo wake analia mgongoni. Nilimpa mihogo niliyoleta. Nikamweleza yote, sikuficha neno. Tata Kabeya alikuwa amelala karibu, uso amefunika kofia, na sijui kama alikuwa usingizini.

Mbombo alitafuna polepole. "Kwa hiyo unanifukuza mara mbili."

"Mbombo, ni juu ya mama."

"Najua ni juu ya mama. Cheza basi. Usipocheza watamuleta hapa, na hapa haina choo." Akanifuta jasho usoni kwa kona ya kitenge chake. "Lakini yangu hapana. Yangu utaisikia siku nitakujibu."

Nikarudi mikono mitupu. Kalumba akasema haidhuru, bibi harusi atakuwa bubu. Akamvika Mignonne, dada yake, viatu visivyolingana, akampa valizi ya kuchorwa chaki, na mimi nikafundishwa kuunganisha mistari yangu bila kupumua katikati. Niliweza. Mazoezini niliweza kila mara.

Jumapili ukumbi ulijaa. Mama alikuwa mstari wa tatu, kitenge chake cha kanisani, mikono juu ya magoti tayari kwa kupiga makofi. Nilimwona na sikutaka kumwona. Mignonne akaingia, watu wakaanza kucheka viatu vyake. Nilishika kikombe cha bati kilichojaa maji.

*Umetoka ng'ambo, miguu ina matope, nani alikufungulia njia?*

Na nikanyamaza.

Mama Kalenga anasema makusudi. Ningependa iwe hivyo, ningekuwa mtu shujaa. Mwili wangu ulifanya ulichofundishwa: uliacha mlango wazi. Nilitafuta neno *rudi*, na mahali pake palikuwa na kimya cha nyuma ya nyumba ya Tata Kabeya. Watu waliacha kucheka. Kiti kililia. Kalumba, pembeni, alinitolea macho.

Ndipo likaja jibu. Halikutoka jukwaani. Mama hakusimama, hakutupa kitenge, hakupaza sauti. Aliitikia kama mtu anayeitikia salamu akiwa na mawazo yake, kwa lugha ya kwao, sauti ya chini, imenyooka, na ilikaa katikati ya mistari yangu miwili kama mtoto anavyokaa kati ya wazazi. Nilijua mara moja kwamba hii ndiyo iliyokuwa ikikosekana. Nadhani aliisikia mwenyewe akiwa amekwisha kuimaliza. Mkono wake ulipanda mdomoni.

Vichwa vikageuka, kimoja, kingine, safu nzima.

Sikuimba mstari wa pili, wala ule wa zamani wala ule mpya. Nilimpa Mignonne kikombe. Maskini, alikuwa na kiu tangu asubuhi, akanywa yote. Nyuma mtu akacheka, akidhani ni sehemu ya mchezo, na Kalumba akavuta pazia.

Hakuna aliyepiga kelele siku hiyo. Vijana wa komite walikuja Jumanne, kwa adabu, wakamwambia mama achukue anachoweza kubeba. Baba mdogo alikuja kutuchukua sisi watoto, kwa kuwa sisi ni wa ukoo wa baba. Niliomba kwenda na mama. Baba mdogo alisema hapana, na mama pia alisema hapana.

Pale gare alikaa karibu na kina Mbombo, na siku treni ilipokuja nilimpitishia chupa ya maji dirishani. Alikuwa anaogopa, alikuwa anashika-shika vifundo vya mizigo. Lakini aliniinamia na kusema, "Ile yangu, uliisikia?"

"Niliisikia, mama."

"Usiimbe. Uniwekee. Ukianza yako, mi ndiye nitakujibu."

Tangu hapo nimewauliza wasafiri wote wanaotoka upande ule. Mmoja alisema alimwona mama mjini Mwene-Ditu, anauza chumvi. Mwingine alisema hapana, yule alikuwa mwembamba zaidi. Sehemu ya bibi harusi ninayo, sauti kwa sauti, maana nilisikia mara moja na sikusahau. Sijawahi kuitoa mdomoni, hata nikiwa peke yangu na vyombo.

Nilitoka na kikombe. Jeancy alikipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini, akafuta kidevu.

"Aksanti, dada. Sisi hatutamufukuza mutu ndani ya muchezo wetu, usiogope. Tutamupa maji." Alikuwa na uso mwema, na ninaamini alisema kweli. "Mama mkwe tutamuweka muke wa pasta, anaimba muzuri sana. Lakini akifika pale katikati, kunabakia shimo. Tumejaribu kuweka orgue, kile kinanda cha kanisa, haiendi. Tupatie hii sehemu moja tu. Uimbe polepole, mi nitashika."

Akaweka kikombe chini karibu na mguu wa kiti, akaelekeza sikio kwangu, na akanyamaza vizuri kabisa, kama mtu aliyefundishwa.