Kadi ya Tramu ya Mheshimiwa Shenol

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Mheshimiwa Shenol Chaushev ilitoka Bursa hadi Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, na katikati ilivuka mpaka.

Ilianza na chai. Siku chache kabla ya uchaguzi alikwenda Bursa, Uturuki, kuomba kura za watu wa kwao, Waturuki wa Bulgaria waliohamia huko. Mkahawa ulijaa hadi madirishani. Mzee mmoja akamtupia swali: "Wewe ni wa huku au wa kule?" Shenol akachomoa kitambulisho chake cha Kituruki, akakiinua juu kama refa. "Mimi ni wenu! Hiki hapa!" Wakapiga makofi, wakamletea chai na sukari ya ziada. Hakujua kwamba kadi nyekundu ile alikuwa anajipa mwenyewe, maana pale pembeni simu ya mtu ilikuwa inarekodi.

Katiba ya Bulgaria haitaki mbunge mwenye uraia wa nchi nyingine, na Shenol alikuwa amekwisha kutia saini kwamba hana. Alishinda, akaapishwa, akazoea kuitwa mheshimiwa. Ndipo wapinzani wake wakaipeleka ile video mahakamani.

"Ile ilikuwa kadi ya tramu, ya nauli tu," alimwambia wakili wake, Doychev.

Doychev hakucheka, kutocheka kulikuwa sehemu ya kazi yake. "Basi atafutwe mtu wa kuapa kwamba hukuwahi kuishi Uturuki, hata utotoni. Serikali ya Uturuki haijajibu barua ya mahakama kuhusu uraia wako, na huenda isijibu kabisa. Mama yako yu hai?"

Mama Hayriye alikuwa kibandani kijijini, akitunga majani ya tumbaku uzini kwa sindano ndefu. Alikuwa na jirani yake Penka, Mbulgaria ambaye hata padri wake hakusalimika na utani wake. Shenol akambusu mama mkono, akaupeleka kwenye paji la uso wake.

"Karibu, mheshimiwa wa tramu!" Penka akasema. "Huku kwetu reli haijafika. Umekujaje?"

"Shangazi Penka, nimekuja kuongea na mama."

"Ongea tu, mimi kiziwi. Ila mbwa wenu nilimlisha mimi serikali ilipowafukuza hapa mkaenda Uturuki. Ng'ombe nilimkamua mimi. Mliporudi ulikuwa unaongea Kituruki cha mjini, tukakucheka mpaka theluji ikayeyuka. Au leo hukwenda?"

Shenol akajifanya anatazama nyanya za bustanini. Kisha akachuchumaa karibu na mama, akamweleza. Neno uongo hakulitumia. Alisema "kurahisisha mambo".

Mama akatunga jani, akatunga la pili. "Wakikutoa bungeni itakuwaje?"

"Nitakuwa si kitu, mama. Kijiji kizima kitanicheka."

"Mimi nimekwisha kuanza," Penka akasema, akitema ganda la mbegu ya alizeti.

"Basi nitakwenda," mama akasema. "Ni mwanangu."

Asubuhi akajifunga kichwani kitambaa chake cha sikukuu. Walipotoka, Penka akamwaga maji kizingitini nyuma yao, ili safari iende kama maji. "Namwagia yeye," akamwambia Shenol. "Wewe utateleza mwenyewe."

Ofisi ya kuapia ilikuwa mjini, katika jengo la zamani la serikali. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi mpya, na mlangoni palikuwa na ua ndani ya chungu. Mama alipanda ngazi ameshika ukuta. Shenol akadhani ni magoti.

Mthibitishaji wa viapo alikuwa dada mpole. "Jina lako kamili, mama?"

Mama Hayriye akasimama wima, mikono ubavuni.

"Hristina," akasema. "Hristina Mihailova."

Yule dada akatazama kitambulisho, akamtazama tena. "Mama, hapa pameandikwa Hayriye."

"Samahani, mkuu. Samahani! Ni Hristina. Na mtoto ni Rumen. Nyumbani hatusemi Kituruki. Hata dukani hatusemi."

Shenol akakumbuka. Alikuwa mdogo majira ya baridi serikali ilipopiga marufuku majina na lugha ya Kituruki, na askari wakawaleta Waturuki wa kijiji katika jengo hili hili, wakachaguliwe majina ya Kibulgaria. Mama aliingia Hayriye akatoka Hristina, na yeye mwenyewe akatoka Rumen. Kisa hicho Shenol alikisimulia kila mkutano wa kampeni. Watu walilia, naye akapata kura zao. Hakujua kwamba ndani ya mama yake bado hakijawa kisa.

Akamshika mkono. "Mama, twende."

"Bado hajaniuliza la Uturuki. Nitalisema, mwanangu, nimelishika vizuri."

"Twende, mama."

Nje, ndani ya gari, akampigia Doychev mama akisikia. "Haikuwa kadi ya tramu. Waandikie kwamba ni kitambulisho changu."

"Ubunge ndio umekwenda hivyo."

"Najua."

Akangoja ajisikie nafuu. Haikuja. Alikuwa na hamu ya kufunika uso kwa kile kitambaa cha sikukuu.

Mama alikuwa amekumbatia mkoba wake mapajani. "Nimekuharibia?"

"Hapana, mama. Mimi ndiye..."

Mama akamsogelea, akanong'ona kana kwamba gari lina masikio. "Kule ndani, wameniandika jina lipi?"

"Hawakuandika lolote."

"Una hakika? Nenda ukaangalie, mwanangu. Nenda."

Shenol akashuka, akarudi ndani kuangalia. Akapanda ngazi ameshika ukuta.